Pasi ya Wati Elfu Kumi

Kuna mafundi ambao kifaa kikiwaka tu wanakurudishia, wanakwambia kimepona, nenda zako. Fundi Hesabu hakuwa wa kundi hilo, na ungemlinganisha nao angekununia wiki nzima. Kwake yeye kuwaka si dalili ya kupona. Hata nyumba inayoungua inawaka, alikuwa akisema. Lazima kifaa kipimwe volti, kipimwe ampea, kisha hesabu ipigwe kwa chaki juu ya meza, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Volti gawanya kwa ampea, umepata ukinzani. Volti mara ampea, umepata nguvu. Hesabu ikikubali, unakabidhiwa kitu chako. Ikikataa, na kitu chenyewe hakitengenezeki, anachukua plaizi, anakata plagi mbele ya macho yako na kuitupa kwenye mkebe wa maziwa chini ya meza, ili usije ukakichomeka tena ukutani ukaunguza watoto. Watu walimnunia siku hiyo, na baadaye wakamletea wateja wengine.

Mke wake alikaa upande wa pili wa chumba hichohicho, nyuma ya cherehani, akishona sare za shule. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Hakuwahi kushika mita maishani mwake, wala hakuwa na hamu nayo, lakini hesabu za mumewe alikuwa amezisikia miaka yote ya ndoa yao, mpaka zikamwingia bila kubisha hodi. Alijua kwamba pasi ya nyumbani hucheza kwenye wati elfu moja. Birika la umeme, elfu mbili. Kikaushia nywele, katikati ya hapo. Mumewe akitaja namba, yeye alishajua kabla ya chaki kufika mezani kama kifaa ni kizima au la, kama vile wengine wanavyojua wimbo unaelekea wapi.

Basi siku kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipokuja kuchukua birika lake, Mama Sare alisikia namba ikitajwa, akakanyaga pedali vibaya na kuushona mfuko wa kaptula mpaka ukafungika.

"Volti mia mbili thelathini," Fundi Hesabu alikuwa akisema, amekunja uso juu ya mita. "Ampea themanini na saba. Mara, mara, mara..." Chaki ikakimbia. "Wati elfu ishirini na kumi! Ukinzani omu mbili na kitu! Kijana, hili si birika. Hili ni bomu lenye mfuniko."

"Bomu, mzee?" kinyozi akacheka kwanza, kisha akaona plaizi. "Mzee, ngoja. Mbona jana tu limechemsha maji ya taulo vizuri? Nilikuletea mfuniko tu, haufungi!"

"Mfuniko nimetengeneza. Ila likiwa na plagi nisingekurudishia hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa."

Kata! Plagi ikaanguka mkebeni, na mkebe haukulia ule mlio wa bati tupu. Ulikuwa umeshiba. Mama Sare aligeuka kuutazama. Zamani mkebe ule ulichukua muda mrefu kupata hata plagi za kufunika kitako chake, na sasa zilikuwa zinachungulia ukingoni.

Kinyozi aliondoka na birika lake lisilo na mkia, akiwa amelikumbatia kifuani. Hakuaga.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mita. Mita ya zamani ya Fundi Hesabu ilikuwa ya mshale, mshale mrefu mwekundu kama kijiti cha kiberiti, unaouona hata ukiwa umekaa mlangoni. Ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia, ikafa. Binti yao, aliyeolewa mbali na mwenye huruma kuliko subira, akamtumia baba yake mita mpya, nzuri ajabu, yenye taya za kubana waya na kioo kidogo kinachoandika namba. Namba zenyewe kubwa tu. Lakini nukta, ile nukta inayotenganisha ampea nzima na vipande vyake, ilikuwa ndogo kama yai la chawa, tena imejikunyata chini pembeni utadhani imekuja bila kualikwa.

Fundi Hesabu hakuwa akiiona.

Mama Sare alikuwa ameanza kushuku kabla ya birika, na alianzia mbali na umeme. Tangu walipooana, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa duka, mumewe alimtungia uzi kwenye sindano za mkono, za vifungo na pindo, akazichomeka kwenye kimto chake kidogo zikamsubiri. Hakuna aliyemwomba. Mke alikuwa na vidole vizito kwa kazi hiyo na mume alijua, akaifanya, basi. Siku za karibuni sindano zilikuwa zinamsubiri tupu, uzi umelazwa kando. "Uzi wa siku hizi mnene," alisema. Kesho yake matundu ya sindano ndiyo yaliyokuwa na kosa, viwanda vimebana matumizi.

Mke alijaribu kugusia. Alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kuna kliniki ya macho karibu na posta.

"Unaumwa macho?" mumewe akauliza.

"Mimi? Mimi nina miwani yangu."

"Haya basi, tumshukuru Mungu," akasema, na mada ikafa hapo.

Hiyo miwani ya Mama Sare ilikuwa na kamba ya shanga za waridi, na tangu aivae mumewe alikuwa akiiita madirisha. "Mama, funga madirisha, mvua inakuja." Kila mteja alikuwa ameusikia utani huo, na wenye adabu walicheka. Mtu aliyetania miwani ya mkewe kwa miaka yote hiyo atakwendaje kliniki? Aseme nini akifika?

Kwa hiyo akalaumu umeme. Alisema vifaa vya siku hizi havina haya, vinakula umeme kama mchwa. Alisema waya zinatengenezwa nyembamba kwa nje na mbovu kwa ndani. Kikaushia nywele kilipotoa wati elfu kumi na nne, akasema dunia imeharibika. Swali moja tu hakulitoa mdomoni, yeye ambaye kwa kawaida huuliza mpaka mita inachoka: hizo wati zote zinapita wapi? Nadhani alijua kwamba jibu la swali lile lingemgeukia mwenyewe.

Asubuhi moja Fundi Hesabu alikunywa chai yake, akashika tama, akatazama meza yake yenye madoa ya chaki.

"Mama," akasema, "nafunga."

"Unafunga nini?"

"Duka. Upande wangu. Wiki hii ikiisha naita mtu aje achukue zana. Kila kitu kinacholetwa hapa ni hatari, na mimi sitaki kuwa fundi wa kukata mikia ya watu. Wateja wenyewe wameanza kunikwepa. Jana kinyozi kaniona, kavuka barabara."

Si kwamba Mama Sare aliogopa njaa, sare zilikuwa zinauzika. Alimwogopea yeye. Alimwona kichwani mwake amekaa kwenye kiti cha uani bila chaki, bila mtu wa kumbishia, akiuliza chakula kimeiva na kabla hajajibiwa anauliza tena. Alimpenda mumewe kwa kelele zake. Ile sauti ya "volti gawanya kwa ampea" ilikuwa ndiyo saa ya nyumba yao, na bila hiyo asingejua hata kumekucha lini.

Angeweza kumwambia palepale: baba, ni macho yako. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Lakini alimjua. Kwa mtu yeyote aliyemwambia amekosea, Fundi Hesabu alikuwa na majibu saba. Ni hesabu peke yake ambayo hakuwahi kuibishia.

Akasimama, akachomoa pasi yake ukutani ingali vuguvugu, akaiweka juu ya meza ya mumewe.

"Kabla hujafunga, nipimie hii. Naona inapandisha joto. Jana nusura ichome kola."

Uongo mtupu. Pasi ile haikuwa na kasoro hata ya kusingiziwa. Mumewe ndiye aliyeibadilisha koili kwa mkono wake, akaipima kwa mita ya mshale, na tangu siku hiyo akawa anaisifu kwa namba kama wengine wanavyomsifu mkwe: omu hamsini na tatu na nusu, wati mia tisa themanini na tisa, haipungui wala haizidi. Mama Sare angeweza kuitaja usingizini.

Fundi Hesabu alivuta kiti. Hata katika majonzi yake mikono ilikuwa hodari. Akachomeka kile kipande chake cha waya wa kupimia, ambacho nyuzi zake alikuwa amezitenganisha ili mita ibane mmoja tu, akachomeka pasi humo, akaiacha ishike moto. Akapima ukutani kwanza.

"Volti mia mbili thelathini. Kama kawaida."

Akabana uzi mmoja kwa taya za mita. Akaisogeza mita mbele, akairudisha nyuma, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Mama Sare alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, madirisha yake wazi kabisa, na aliona vizuri kilichoandikwa: nne, nukta, tatu.

"Ampea arobaini na tatu," mumewe akasema.

Hakusema kwa sauti ya siku zote. Chaki ilitembea polepole. Mia mbili thelathini gawanya kwa arobaini na tatu, omu tano na kitu. Mia mbili thelathini mara arobaini na tatu, wati elfu tisa mia nane tisini. Akaipigia mstari chini, halafu mstari wa pili.

"Karibu elfu kumi," akanong'ona. "Hata wewe."

Alikuwa akiiambia pasi. Na ungeuona uso wake usingecheka, maana ulikuwa uso wa mtu aliyesalitiwa na wa nyumbani kwake. Akachomoa pasi, akachukua plaizi, akaweka waya kati ya meno ya plaizi.

Mama Sare alikuwa ametegemea namba peke yake zitamshtua mumewe, na hazikumshtua. Sasa plaizi ilikuwa shingoni mwa pasi yake, na lundo zima la sare lilikuwa linasubiri kunyooshwa. Akapaza sauti.

"Usikate! Fungua hiyo plagi kwanza."

"Ya nini?"

"Nataka kuona fyuzi."

"Fyuzi ina nini?"

"Si uliweka mwenyewe? Ya ampea ngapi?"

"Kumi na tatu. Plagi zote hizi ni kumi na tatu."

"Na zimepita arobaini na tatu?"

Huko nje baiskeli ilipita ikilia kengele. Mume akaweka plaizi chini, akachukua bisibisi, akafungua plagi. Parafujo hakuhitaji kuiona, vidole vyake vilijua njia. Akachomoa kile kifyuzi, akagusa ncha zake mbili kwa nyaya za mita. Mita ikalia pii, ndefu, ya furaha. Fyuzi nzima.

Akakilaza kifyuzi kiganjani, akakitazama kwa muda.

Kisha akainama chini ya meza, akautoa mkebe wa maziwa na kumwaga plagi zote mezani. Akafungua ya juu kabisa, ya birika la kinyozi. Pii. Akafungua ya kikaushia nywele. Pii. Akafungua nyingine, na nyingine. Zilizokatwa enzi za mshale zilikuwa huko chini kabisa ya lundo, na kati ya hizo ziko zilizokuwa zimeungua kweli, nyeusi tii. Za mita mpya zote zilimlilia pii, moja baada ya moja, mpaka Mama Sare akatamani kuziba masikio.

"Ampea themanini na saba," mumewe akasema taratibu, "zinapitaje hapa bila kuikata hii?"

"Mimi ni mshona sare," akasema mkewe. "Fundi ni wewe."

"Hazipiti."

"Kumbe."

"Haziwezi kupita. Ingekatika kabla hujaondoa kidole kwenye swichi." Akasukuma plaizi kando. "Basi kilichoharibika si pasi."

"Si pasi."

"Wala si birika la yule kijana."

Mama Sare alivua miwani yake, na kamba ya shanga za waridi na yote, akaiweka juu ya meza karibu na mkono wa mumewe. Halafu akarudi kwenye cherehani, akajitia kutafuta kifungo kilichopotea, kwa sababu alijua mtu kama huyu hupaswi kumtazama akiwa anavaa miwani ya mkewe kwa mara ya kwanza.

Alisikia fyuzi ikirudishwa na pasi ikichomekwa tena. Alisikia taya za mita zikifunga.

"Mama."

"Abee."

"Hii nukta ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Tangu lini?"

"Tangu mita ilipotoka kwenye boksi lake, baba."

Akageuka. Mumewe alikuwa amekaa wima, shanga za waridi zikimning'inia mashavuni, macho yamekuwa makubwa kama ya bundi, na yalikuwa yamelowa. Alifuta hesabu ya chini kwa kiganja, akaandika nyingine, safari hii kwa mkono wa mtu anayeandika jina la mtoto wake. Mia mbili thelathini gawanya kwa nne nukta tatu, hamsini na tatu na nusu. Mia mbili thelathini mara nne nukta tatu, mia tisa themanini na tisa.

"Haipungui wala haizidi," akasema.

Mke alikuja, akamshika bega. Walikaa hivyo mpaka pasi ikaanza kunuka moto, ndipo wakaichomoa.

Mwanamume mwingine angezirudisha zile plagi kimyakimya, akasingizia ubovu wa mita. Fundi Hesabu, kwa kichwa chake kigumu, alikuwa na uadilifu wa aina yake. Alishinda mezani siku hiyo akifunga mikia upya kwa kila kilichobaki dukani, na kwa vile vilivyokwisha kuondoka alijaza plagi mfukoni, akachukua bisibisi, akazunguka mtaa mlango kwa mlango. Mama Sare alimfuata kwa kisingizio cha kupeleka sare. Alitaka kusikia.

Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa tahadhari, akisogeza birika nyuma ya mguu wake. Bado alikuwa nalo, masikini, hajalitupa.

"Marahaba. Nipe birika. Lina wati elfu mbili, kama lilivyozaliwa. Ni mimi niliyeona elfu ishirini."

"Mita ilikosea?"

Hapo ndipo Mama Sare alipotega sikio. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa, imefunguliwa na kijana mwenyewe, kwa adabu zote.

"Mita haikukosea," Fundi Hesabu akasema. "Macho yangu. Nukta sikuiona."

Mteja wa nusu kichwa akageuka kutazama. Kinyozi akatazama sakafu, akatazama birika, kisha akasema, "Sasa mzee, mimi nimeshawaambia watu wote hapa kwamba nilikuwa nachemshia maji kwenye bomu. Nitawaambia nini?"

"Waambie limetulia."

Wakacheka wote watatu, na mteja akakatwa kidogo sikioni, lakini si sana.

Kliniki ilimpa miwani yenye fremu nyeusi, nzito, ya heshima, isiyo na shanga. Siku ya kwanza alitunga uzi kwenye sindano zote zilizokuwemo ndani ya nyumba, hata zile za magunia, akazichomeka zikasimama kama kikosi cha askari. Habari za kufunga duka hazikusikika tena. Wateja walirudi, kwanza wa kuchungulia, baadaye wa kweli, na chaki ikarudia kelele zake.

Kitu kimoja tu kilibadilika. Kila kifaa kilipofika hatua ya ampea, Fundi Hesabu alikuwa akiibana waya, akaiinua mita kuelekea upande wa cherehani na kusema, "Soma."

Mara ya kwanza Mama Sare alidhani miwani imepoteza makali. "Si unayo yako?"

"Ninayo. Naona mpaka vumbi. Soma."

Akasoma. Kesho yake akasoma tena, na ikawa ndiyo desturi ya duka, mmoja anasoma, mwingine anapiga hesabu, na mteja akitaka kujua kwa nini anaambiwa ndiyo utaratibu.

Mchana mmoja ilikuwa zamu ya pasi ya jirani, ndugu wa tumbo moja na ile ya kwao. Mumewe alibana waya, akainua mita, chaki tayari mkononi.

"Soma."

Mama Sare aliacha kushona. Akashusha miwani hadi ncha ya pua, akaitazama mita kwa uchungu mkubwa, akatikisa kichwa.

"Arobaini na tatu," akasema.

Kinyozi, aliyekuwa mlangoni na birika lake, aliganda. Fundi Hesabu alimtazama mkewe, akaitazama plaizi, akamtazama mkewe tena. Kisha kitu kikamwanzia tumboni, kikampanda mabegani, akacheka mpaka miwani ikamtoka, akaiokota mezani huku akiipapasa kwa kiganja na kushindwa kuiona kwa machozi.

"Kata, baba," akasema Mama Sare, "hiyo ni hatari."